Galaxy S9 ya mwalimu wa Kadutu: Google ilitoka, daftari la kabine likabaki

Niseme mapema kabisa, huyu si mwandishi wa habari anayewindwa wala si mtu wa siasa. Ni mwalimu wa shule ya msingi kule Kadutu, hapa Bukavu, Kongo, mama wa makamo, ndiye anayeshika pesa za likelemba (mchango wa kupokezana zamu) ya akina mama wa mtaani kwake, na simu yake ni Samsung Galaxy S9 aliyoachiwa na mdogo wake anayeishi Ubelgiji alipokuja likizo. Nakiandika kisa chake kirefu hivi kwa sababu hapa Bukavu watu hawaachi kuniuliza "unaweza kunitolea Google kwenye telefone?" na wanataka nijibu ndiyo au hapana, bei gani, nipitie saa ngapi. Siku hizi mimi najibu kwa swali: unataka kumficha nani, kitu gani? Wengi wanakasirika. Huyu mama hakukasirika, alikaa tukaongea. (Mambo ya usalama wa mji siyaingizi hapa, kila mtu anajua yake.)

Alikuja na malalamiko yote kwa pumzi moja. Mega (data ya intaneti) zinaisha simu ikiwa imelala kwenye mkoba, matangazo yanafunika skrini akitaka kupiga, nafasi imejaa hadi hawezi kupiga picha ya karatasi za mtihani, halafu, na hili ndilo lililomtoa nyumbani, kuna mwanaume alimpigia akijifanya ni wa huduma ya pesa za simu, akamtaja jina, akataja kiasi alichotoa jana yake bila kukosea hata franka, kisha akamwomba namba ya siri. Hakumpa. Lakini usingizi ulimruka. "Mwanangu, hii telefone inanisikiliza, inachukua kila kitu inapeleka huko. Umtoe huyo Google."

Sasa hapo fundi mwenye njaa anafungua kompyuta anaanza kuflashi, yaani kufuta mfumo wa simu na kuweka mwingine. Mimi nilimwambia Mama Mwalimu, kwanza tuangalie nani anakula nini.

Tukafungua pale kwenye matumizi ya data, simu inapoonyesha kila apu imekula kiasi gani mwezi mzima. Wa kwanza WhatsApp, tena kwa mbali sana, maana yumo kwenye grupu ya shule, ya kwaya, ya familia, ya likelemba, na zile video zote za "tuma kwa watu kumi ubarikiwe" zilikuwa zinajipakua zenyewe. Wa pili ni apu moja ya "kusafisha simu" ambayo wapwa zake walimrushia, na ukiichunguza haisafishi kitu chochote, imepewa ruhusa ya kuonyesha juu ya apu nyingine na kazi yake ni matangazo asubuhi hadi jioni. Wa tatu Play Store, ikisasisha michezo ya watoto ambayo hakuna aliyeifungua tangu mdogo wake aondoke. Huduma za Google zenyewe zilikuwa chini huko, karibu na mwisho wa orodha.

Na hii inalingana na vipimo vilivyofanywa na wataalamu. Mwaka 2021 profesa Douglas Leith wa Trinity College Dublin alipima simu zikiwa zimelala tu mezani, akakuta ya Android inatuma kwa Google karibu mega 1 kila saa 12, iPhone inatuma kwa Apple kama kilobaiti 52, na zote mbili kwa wastani zinawasiliana na kwao kila dakika 4 na nusu. Mega 2 kwa siku haimalizi kifurushi cha mtu. Kwa hiyo mega za huyu mama hazikuliwa na Google, watu wa grupu na wapwa ndio walizimaliza. Kinachouma kwenye zile mega 2 ni kilichomo ndani: IMEI (namba ya utambulisho ya simu), namba ya kadi ya SIM, namba ya simu yenyewe, na vinaenda hata kama umezima kila kitufe cha kushiriki takwimu. IMEI sikuhitaji kumweleza, Mkongo gani asiyeijua IMEI baada ya ile kodi ya RAM (rejista ya serikali ya simu za mkononi) ya 2020, dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G, kredi ikikatwa kimyakimya hadi kelele za wananchi zikaifuta 2022. Alicheka kwa uchungu. "Ile namba? Basi naifahamu."

Alipouliza kama kuzima kitufe cha mahali ulipo kunatosha nilimpa mfano wa Marekani, Novemba 2022, Google ilikubali kulipa dola milioni 391.5 kwa majimbo 40 kwa sababu watu walizima historia ya mahali na bado walikuwa wanafuatiliwa kupitia kitufe kingine. Kwa hiyo hofu yake haikuwa ya kijinga. Ila ilikuwa imeelekezwa kwa mtu asiye mwenyewe.

Maana turudi kwa yule tapeli. Kwenye simu yake, kwenye WhatsApp, kwenye akaunti ya Google, yeye ni "Mama" na jina la mtoto wake wa kwanza, basi. Tapeli alimwita kwa majina matatu, kwa mpangilio uleule wa kadi ya mpiga kura tunayoitumia kama kitambulisho, na lile la katikati ni la babu yake, hata walimu wenzake hawalijui. Nikamuuliza, Mama, kadi ya mpiga kura umeitoa wapi wiki hii? Akafikiri. Kwenye kabine, kile kibanda cha pesa za simu, alipoenda kutoa pesa za likelemba. Na wote tunajua kabine inavyofanya kazi: kijana ana daftari la mistari juu ya meza, anaandika tarehe, majina, namba ya kadi, namba ya simu, kiasi, unatia sahihi, na daftari linabaki wazi hivyo hivyo chini ya mwavuli. Ukisubiri zamu yako unasoma wote waliokutangulia, na mwenye simu nzuri anapiga picha ukurasa mzima akijifanya anasoma ujumbe. Sina ushahidi wa kupeleka mahakamani, lakini jina la babu pamoja na kiasi kamili vilikuwa vimeandikwa pamoja sehemu moja tu niliyoweza kuiona, na sehemu hiyo haina hata betri. Sheria ipo, ile Sheria ya Dijitali ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu nzima ya data binafsi, lakini nenda kaiulizie kwenye kabine uone utakavyotazamwa.

Nikamwambia wazi: Mama, nikitoa Google leo, kesho huyo mtu anapiga tena vilevile. Akanyamaza. Kisha akasema, "Sawa, nimeelewa. Lakini umtoe tu. Simu ni yangu ama si yangu?"

Hilo ni jibu la haki kabisa, na nililikubali, tena nilikuwa na sababu yangu nzito kuliko ya Google. S9 ilitoka 2018 na Android 8, ikafika Android 10, ikaishia hapo, na viraka vya usalama vya Samsung viliisha 2022. Matundu mengi yaliyogunduliwa kwenye Android tangu wakati ule yamebaki wazi kwenye simu yake, simu yenye orodha ya akina mama wote wa likelemba, namba zao na nani anadaiwa nini. Chuma chenyewe bado kizima: RAM giga 4, nafasi giga 64, sehemu ya kadi ya kumbukumbu, skrini ambayo simu nyingi mpya za bei ya chini haziwezi hata kuikaribia. Simu kama hiyo kuiita imekufa kwa sababu kiwanda kimechoka nayo ni kumwaga pesa.

Kabla ya chochote, herufi moja. Hii naomba isomwe vizuri na wanaonunua simu za mitumba. S9 iliyouzwa Ulaya na sehemu nyingi za dunia ni SM-G960F, ina chipu ya Exynos 9810, butiloda (programu ya kwanza kuwaka, inayoamua mfumo gani uruhusiwe) inafunguka, na LineageOS, ule mfumo huria wa Android usio na Google, wanaijua kwa jina la starlte. Ya Marekani ni SM-G960U, chipu Snapdragon 845, kwa macho ni pacha wake, rangi ileile, kioo kilekile, lakini butiloda imefungwa na kiwanda hakikuweka njia ya kuifungua. Muuzaji atakuambia ni S9, hadanganyi. Ingia kwenye mipangilio, kuhusu simu, soma namba ya modeli mwenyewe kabla hujatoa dola. Ya mwalimu ilikuwa F kwa sababu ilitoka Ubelgiji. Ingekuwa U, kazi ingeishia kwenye kufuta takataka na kuweka DNS (huduma ya kutafuta anwani za mtandao) inayozuia matangazo, na nisingemdai zaidi ya soda.

Halafu tukakuta kitu ambacho hakuna aliyekifikiria: akaunti ya Google ya mdogo wake bado ilikuwa humo ndani. Maana yake ni kwamba mtu aliyeweza kufungua ramani huko Ubelgiji akaona dada yake yuko wapi saa yoyote, alikuwepo, na ni wa familia. Mama alishika mdomo. Tulimpigia pale pale, akaiondoa, akaapa hakuwahi kutazama, namwamini. Ila ni lazima itoke kabla ya kufuta simu, la sivyo siku ukirudisha mfumo wa Samsung itakuuliza nenosiri la mtu aliye mbali na wewe, na wengi sokoni wanakwama hapo hapo kisha wanalipa vijana wa njia za mkato.

Kipengele cha kuruhusu butiloda ifunguliwe hakikuwepo kwenye menyu. Simu za Samsung za enzi ile zina tabia hiyo, zinakificha mpaka simu ikae siku 7 imewaka na ina intaneti, ati ni kinga dhidi ya wezi. Siku 7 imewaka, na umeme wetu huu! Kuna apu na vidude vya kuruka hatua hiyo, sivigusi, maana unaingiza kwenye simu programu ya mtu usiyemjua ili upate simu isiyo na watu usiowajua. Alikaa nayo, akaichaji kwa jirani mwenye paneli ya jua, kikatokea.

Siku ya kazi tulianza na bekapu, na hapa ndipo pa kwenda taratibu. Majina ya simu tukayatoa kama faili moja, picha zikaenda kwenye kadi ya kumbukumbu na kwenye kompyuta. WhatsApp yake ilikuwa inajihifadhi kwenye Google Drive, na bila huduma za Google hiyo huipati tena, kwa hiyo ilibidi nilazimishe bekapu ya ndani ya simu, ile folda ya Databases, nikaikopi pembeni na kuirudisha mahali pake kabla ya kufungua WhatsApp mara ya kwanza upande wa pili. Namba ileile, ikakubali, mazungumzo yote yakarudi. Nikamwambia pia kuhusu Knox, kinga ya usalama ya Samsung: waliweka fyuzi ndogo ndani ya chipu, ukiweka mfumo usio wao inaungua milele, na Folda Salama (Secure Folder, ya kufichia faili) haitafanya kazi tena hata ukirudisha mfumo wa kiwanda. Hakuwa anaitumia. Kwa wengine hiyo inaweza kuwa sababu ya kusema hapana.

Kuflashi kwenyewe kuna sehemu moja tu inayotoa jasho. Unazima simu, unashika sauti-chini, Bixby na kitufe cha kuwasha pamoja, unaingia modi ya kupakua, kile kioo cha rangi ya samawati kinachokuonya kwa maneno makali. Kwa Odin au Heimdall, programu za kompyuta, unatuma rikavari ya LineageOS, ule mfumo mdogo wa kuwekea mfumo mkubwa, sekunde chache tu. Lakini kabla hujatuma unazima ile alama ya kujiwasha yenyewe kwenye Odin, kwa sababu simu ikiwaka na mfumo wa Samsung hata mara moja, Samsung inafuta rikavari yako na kurudisha yake, na umerudi mwanzo. Kwa hiyo unashika sauti-chini na kitufe cha kuwasha, unakodolea macho kioo, na dakika ileile kinapokuwa cheusi vidole vinaruka kwenda sauti-juu, Bixby na kuwasha. Ukichelewa umechelewa. Baada ya hapo unafomati data, unatuma faili ya mfumo kwa ADB (programu ya kompyuta ya kuamrisha simu kwa waya), na hapo wengi wanapata presha bure: kompyuta inaweza kusimama kwenye asilimia 47 na kuandika kitu kinachofanana na kosa, neno la mwisho likiwa "Success". Hiyo ni sawa, imemaliza. Usichomoe waya kwa hofu ukiona 47, angalia kioo cha simu kinasema nini.

Kwa nini LineageOS na si /e/OS, mfumo mwingine wa aina hiyo? Zote ningeweza. LineageOS ilizaliwa mwisho wa 2016 CyanogenMod ilipofungwa, na /e/OS ya Gaël Duval, yule Mfaransa wa Mandrake Linux, imejengwa juu ya hiyohiyo LineageOS na ndani yake kuna microG, kitu kinachojifanya huduma za Google kwa apu zinazozidai. Utafiti mwingine wa 2021, Leith akiwa na wenzake wa chuo kikuu cha Edinburgh, ulipima simu za Samsung, Xiaomi, Huawei na Realme pamoja na mifumo hii miwili, na /e/OS ndiyo pekee iliyokuwa kimya karibu kabisa. LineageOS waliipima ikiwa na pakiti ya Google juu yake, na ikatuma kwa Google kama kawaida. Hilo liwafikie wale wanaoflashi halafu usiku huohuo wanaweka Play Store, mmerudi mlikotoka, ila sasa bila waranti. Mimi nilichagua LineageOS tupu kwa sababu huyu mama hana apu inayolazimisha microG, na kitu ambacho hakipo hakiharibiki.

Tukaweka F-Droid, duka la apu huria, kwanza, na kutoka humo vitu vya kazi. NewPipe kwa nyimbo za kwaya za YouTube, bila matangazo na bila akaunti, na unaweza kuchukua sauti tu bila picha, kwa bei ya mega za hapa hiyo peke yake inatosha kumshawishi mtu. Organic Maps kwa ramani isiyohitaji mtandao. HeliBoard, kibodi ya kuandikia, haina hata ruhusa ya intaneti. Na Kiwix, hii ndiyo iliyomfurahisha kuliko yote: Wikipedia ya Kiswahili nzima kwenye kadi ya kumbukumbu, anaifungua darasani bila mega hata moja, watoto wakiuliza volkeno inatokana na nini anasoma pale pale. Nilimwona anatafuta "Idjwi", kisiwa cha ziwani kwetu, akapata, akaanza kusahihisha kwa sauti kile kilichoandikwa kana kwamba mwandishi yupo mbele yake. Apu chache za Play Store unazipata kwa Aurora Store bila kuingia na akaunti yako. Na kwenye DNS binafsi, ambayo Android inayo tangu toleo la 9, nikaweka ya AdGuard, matangazo mengi yanakufa kabla hayajala mega. Kasoro yake ni kwamba mtandao ukiwa dhaifu sana au Wi-Fi ya mahali inakutaka ujisajili kwanza, hakuna kinachofunguka, kwa hiyo nilimwonyesha jinsi ya kuizima na kuiwasha mwenyewe.

Pesa za simu? Hazikusumbua hata kidogo, maana yeye anatumia zile namba za kubonyeza zenye nyota (USSD), na hizo zinapita kwenye SIM, hazijali mfumo. Wenye apu za benki wajihadhari, baadhi zinakataa kufunguka kwenye simu ambayo Google haijaithibitisha.

WhatsApp ilibaki. Kuna watu watanicheka hapa, ati umetoa Google ukaacha Meta, mwenye WhatsApp. Nawaomba waje wao waieleze grupu ya likelemba kwamba ihamie Signal, apu nyingine ya ujumbe. Tulijaribu, alikaribisha wote, wakaja binti yake na mwalimu mwenzake mmoja, wengine wakajibu "hiyo inakula mega?" na biashara ikaishia hapo. Hata ule mwezi wa Januari 2021 dunia nzima ilipotangaza kuhama kwa sababu ya masharti mapya ya WhatsApp, wengi nawaona bado wako palepale. Ujumbe wenyewe umefungwa tangu 2016, sawa, lakini nani anaongea na nani na saa ngapi, hicho Meta wanakiona. Nilichoweza ni kuifungia chumba chake: kwa apu ya Shelter unatengeneza wasifu wa kazi, sehemu iliyotengwa ndani ya simu, WhatsApp inakaa humo na majina yale tu uliyoyaweka humo, haioni kitabu chote cha simu wala picha za upande mwingine. Na kujipakua kwa video nikakuzima. Mwezi uliofuata kifurushi kilidumu karibu mara mbili ya zamani, na nasema ukweli, kitufe hicho kimoja kimefanya kazi kubwa kuliko LineageOS yote, na angeweza kukibonyeza nyumbani bila kunilipa.

Alichopoteza kipo. Kamera ya Samsung ilikuwa bora kuliko ile ya LineageOS, usiku inaonekana wazi. GPS inachelewa kushika mara ya kwanza, ndani ya nyumba haishiki kabisa. Kupiga kwa 4G kumekufa, kwa sababu Samsung hawakuiacha sehemu hiyo wazi, simu zake sasa zinapita 3G au 2G. Hapa Bukavu hilo halionekani, lakini angekuwa Marekani ambako kampuni zimezima 3G mwaka 2022, huenda simu hii isingepiga.

Halafu kuna yale ambayo hakuna kuflashi kunakoyagusa. IMEI ni ileile, kampuni ya simu inajua uko karibu na mnara gani na unampigia nani, jina lake la kadi ya mpiga kura liko kwenye usajili wa SIM. Viraka vya Android ni vipya, lakini vya modemu na chipu ni vilevile vya mwisho vya Samsung, na LineageOS hawafichi, kwenye mipangilio kuna mistari miwili ya tarehe, mmoja wa mfumo na mwingine wa mtengenezaji, nilimwonyesha yote miwili. Na butiloda imebaki wazi. Samsung hairuhusu kuifunga tena juu ya mfumo wa mwingine, ni kama nyumba yenye mlango mpya wa chuma lakini dirisha la jikoni halina nondo: data imesimbwa na neno la siri linailinda, ila mtu akiishika simu mkononi kwa muda anaweza kuweka kitu chini ya mfumo bila wewe kujua. Anayeogopa hilo hasa, kwa kazi yake au kwa maneno yake, asije kwangu na S9. Atafute Pixel, simu ya Google yenyewe, na GrapheneOS, mfumo mwingine huria wa Android, ambao unafunga butiloda upya, ila iwe Pixel ambayo bado inapata viraka vya Google. Kwa mwalimu na likelemba yake, hatari kubwa ni mwizi wa Kadutu anayetaka kuiuza jioni hiyohiyo, na kwa huyo neno la siri la tarakimu nyingi linatosha.

Tapeli alipiga tena, kama nilivyosema. Namba nyingine, sauti ileile. Safari hii alimjibu "mwanangu, soma shule" akakata. Ameacha ile kabine, sasa anatoa pesa kwa dada mmoja wa Nyawera anayefunika ukurasa kwa kipande cha karatasi ngumu chenye tundu la mstari mmoja, unaona mstari wako tu unapotia sahihi. Hakuna aliyemfundisha. Nilienda kumwona kwa macho yangu na sasa natuma wateja wangu wote kwake.

Wapwa walipoona simu ya shangazi inaruka wakaja na Tecno yao. Hapo nikakataa kuflashi. Simu nyingi za Tecno, Itel na Infinix hazina LineageOS rasmi, zile faili zinazozunguka kwenye Telegram hujui nani amezipika, na kuweka mfumo wa mtu asiyejulikana kwa jina la usiri ni kichekesho. Kwa ADB niliwaondolea apu za kiwandani ambazo hawazitumii, kwa njia inayoweza kurudishwa, nikaweka DNS ileile na NetGuard izuie mtandao kwa apu zisizouhitaji, na ile ya "kusafisha simu" ikaenda na maji. Hawakuridhika sana, walitaka alama ya LineageOS inapowaka.

Kuhusu masasisho tumekubaliana na Mama Mwalimu hivi: faili moja ni karibu giga, hawezi kuilipia kila mara, kwa hiyo anapita kwangu baada ya muda nikiwa na Wi-Fi, tunahakikisha bekapu, tunasasisha, anaenda. LineageOS inategemea watu wanaojitolea, siku anayeishughulikia starlte akiacha, viraka vitaacha pia. Siku hiyo likelemba inahama kwenye simu nyingine, S9 inatolewa SIM, inabaki na Kiwix kwenye kabati la darasa.